Wimbo Wenye Mlango

Mjukuu wangu tunamwita Nyenje, na jina hilo nilimpa mimi kabla daktari hajatupa lake. Alikuwa hajatimiza miaka miwili, anakaa chini ya meza yangu ya kushonea, na kila nikikanyaga pedali ya cherehani na yeye anavuma. Havumi ovyo. Anavuma sauti ileile ya mota, utadhani mle chini kuna cherehani ya pili, ndogo. Nikiongeza mwendo kwenye pindo refu, sauti ya mota inapanda na yake inapanda. Nikisimama kukata uzi, ananyamaza. Siku fundi alipokuja kubadilisha mkanda wa mota, mashine ikaanza kulia kwa sauti nyembamba zaidi, Nyenje alilia mpaka kamasi zikaingia mdomoni. Ikabidi nimwite fundi tena, arudishe mkanda wa zamani. Fundi alinitazama kama mwendawazimu. Nikamwambia mkanda ni wangu, umeme ni wangu, na wazimu ni wangu pia, afanye kazi yake.

Daktari alipokuja kutamka neno lake, usonji, sikushtuka sana. Neno lenyewe sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na watu wanaolitamka kwa kunong'ona, kana kwamba mtoto kaiba kitu na sisi tunamficha. Jirani wa ghorofa ya chini alinishika mkono akaniambia, "Pole, dada, Mungu atamfungua tu." Nikamuuliza amfungue kutoka wapi, maana mtoto yuko chini ya meza na mlango uko wazi. Tangu siku hiyo ananisalimia kwa mbali.

Sasa Nyenje anaingia miaka saba na hajasema neno. Anajua kupanga vifungo kwa rangi, tena si rangi hizi mnazozijua nyinyi. Ana nyeupe za kila aina na hazichanganyi. Hapendi kushikwa bila kutarajia. Hapendi mashine ya kusagia matunda. Na kuliko vyote hapendi geti la jengo letu, la chuma, ambalo kila anayepita analibamiza kana kwamba lilimtukania mama yake. Tunakaa ghorofa ya nne, lakini geti likilia huko chini, Nyenje anaruka kama kachomwa sindano.

Kwa ajili ya geti hilo nikatunga wimbo. Mimi si mwimbaji, mimi ni mshonaji, na nilitunga kwa vitu vilivyokuwa mbele yangu. Mchana mota inamtuliza yenyewe. Jioni, nikishafunika cherehani, namkalisha kitandani chumbani kwetu, na geti likibamizwa tu naanza:

Kifungo changu kimeanguka,
kimebingirika chini ya meza,
nani ataniokotea?
Sindano imelala, uzi umelala,
na wewe lala, nyenje wangu, lala.

Hapo anatulia. Anavuma pamoja nami, anapanda nikipanda, anashuka nikishuka, hakosei hata kidogo. Sauti yangu ikikwaruza kwa mafua, na yeye anavuma kwa kukwaruza.

Mama yake ni binti yangu wa pekee. Anafanya kazi kiwanda cha biskuti, anasimamia kikundi cha wafungaji wa pakiti, na akirudi jioni koti lake linanukia vanila mpaka kwenye ngazi. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu. Anakuja, anakula, analala, anaondoka, na leo simsemi, maana nikianza hatutamaliza. Tuliobaki nyumbani ni sisi watatu.

Nisiwafiche: kilichokuwa kinamla binti yangu si usonji. Ni kwamba mtoto hakuonekana kumjua. Kila jioni akifungua mlango wa chumba, Nyenje anaziba masikio na kugeukia ukutani. Zamani alikuwa akimfuata pale kitandani amkumbatie, na mtoto anapiga kelele za kuchana moyo. Akaacha. Siku hizi anaishia mlangoni, anavua koti, anaenda zake jikoni. Kule namsikia anafungua bomba na kuliacha litiririke, na sufuria hajashika.

Siku moja nilimkuta anaosha vyombo, mgongo kwangu.

"Mama, wamenipa nafasi," akasema.

"Nafasi gani?"

"Kiwanda kipya. Wanataka nikasimamie ufungaji wote. Ni mji mwingine, mama, mbali. Nitakuwa nakuja mara moja kwa mwezi."

"Na Nyenje?"

"Nyenje ana wewe."

"Ana mimi, na ana mama yake."

Akageuka, mikono inachuruzika povu. "Mama, yule mtoto hajui kama nipo. Nikiingia anaziba masikio. Nikitoka hageuzi shingo. Cherehani yako ikinyamaza anaitafuta, anapapasa mpaka waya. Mimi nikinyamaza hatafuti kitu. Sasa nikae hapa namfanyia nani?"

Nilitaka kumjibu kwa ukali, maana ukali ndio ulio karibu nami siku zote. Safari hii haukuja. Nilichoweza kusema ni kwamba sahani aliyoshika imeshatakata, aiache.

Usingizi ulinipaa. Nilimwona Nyenje akikua bila mama, na nilimwona binti yangu akizeeka kwenye mji wa watu, akiamini mwanawe hamhitaji. La pili ndilo lililoniuma zaidi. Asubuhi nikamwambia kwamba kwenye kituo tunakompeleka mtoto kliniki kuna mwalimu wa muziki, anafundisha watoto wenye usonji. Aniache nimpeleke mtoto huko kabla yeye hajampa meneja jibu. Tukipata njia ya kumfikia mtoto, vizuri. Tukikosa, aende, na mimi sitafungua mdomo.

"Wewe? Usifungue mdomo?" akasema, akacheka kidogo. Alikubali kama watu wanavyowakubalia wazazi wao, ili wanyamaze.

Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana mrefu, mwembamba, na suruali yake ilikuwa fupi hivi kwamba soksi zilionekana zote, moja ya bluu na moja nyeusi. Mimi na Nyenje tukamwita Mwalimu Soksi, yaani nilimwita mimi na Nyenje hakupinga. Vidole vilikuwa vinaniwasha nimshushie lile pindo. Chumba chake kilikuwa na mikeka, ngoma za kila ukubwa, kinanda kwenye meza, na mlango mzito uliofungwa mpira pembeni ili usipige kelele. Mvulana mmoja alikuwa amelala chini, shavu juu ya ngoma kubwa, na mwalimu anaipiga taratibu kwa kiganja. Mtoto amefumba macho, anatabasamu. Mama yake akaninong'oneza kwamba huyo kengele ndogo tu ikigongwa anakimbilia uani. Ngoma nzito anaitaka, kengele haivumilii.

"Shikamoo, bibi," mwalimu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Utamponya?"

"Hapana. Mimi simponyi mtu, na muziki haumtoi mtoto usonji. Ila wengi wao maneno yetu yanawachosha, maana yanarukaruka, hayatabiriki. Wimbo wanajua unakokwenda. Ukishaujua wimbo, hakuna wa kukushtua humo ndani."

Nikampenda hapohapo. Nilikuwa nimezoea watu wanaoniahidi mambo.

Nyenje alikwenda moja kwa moja chini ya meza ya kinanda. Mwalimu akabonyeza sauti moja, akaiacha ivume. Kule chini Nyenje akavuma ileile. Akabonyeza nyingine, juu zaidi, Nyenje akapanda nayo. Wakaenda hivyo kwa muda, huyu juu ya meza, yule chini, hawaonani, wanajibizana kama majirani kupitia ukuta. Mwalimu akanitazama, macho yamemtoka.

"Bibi, sikio la huyu mtoto!"

"Anavuma na cherehani," nikasema, na nikajisikia kuvimba kichwa.

Siku ya pili ndipo mambo yalipoharibika. Mwalimu aliniomba niimbe wimbo anaoujua wa nyumbani, ili auchukue kwenye kinanda. Nami, mbele ya watu, nikasimama wima, nikafunga mikono kifuani, nikaimba kwa sauti yangu nzuri. Kifungo kikaanguka, kikabingirika, Nyenje anavuma chini ya meza kama malaika. Nikafika "uzi umelala", nikaendelea na "na wewe lala", mtoto akapiga kelele. Si kelele ndogo. Aligonga kichwa kwenye mguu wa meza, ikabidi nimwekee kiganja changu katikati.

Tulipomtuliza tukajaribu tena. Kelele, palepale. Mwalimu akafikiri ni sauti inashuka ghafla mno, akaicheza bila kushuka. Palepale. Akafikiri ni neno "umelala", tukaliruka. Hapo ndiyo balaa zaidi. Akaimba yeye, nikaimba mimi, tukaimba wote. Kila safari mtoto anafika kwenye uzi, anainua uso, anangoja kidogo, halafu dunia inamwangukia.

"Na nyumbani hafanyi hivi?" akaniuliza, anajifuta jasho.

"Nyumbani ndiyo dawa yake huu wimbo."

"Unauimba hivihivi?"

"Hivihivi. Neno kwa neno." Ningeapa mbele ya hakimu.

Tulirudi siku nyingine, ikawa yaleyale. Binti yangu hakuniuliza kitu. Nilimwona anashusha begi la safari kutoka juu ya kabati, analipangusa vumbi. Nikashona kola ya watu kichwa chini miguu juu, na sijawahi kufanya hivyo tangu nijue sindano.

Siku ile ya mwisho alisema atapitia kituoni akitoka kazini mchana, amshukuru mwalimu, amwambie tunaacha. Mimi na Nyenje tukatangulia. Nilikuwa nimemkasirikia kila mtu: meneja, kiwanda, biskuti, na wimbo wangu mwenyewe. Mwalimu akasema tujaribu kwa mara ya mwisho, lakini nisisimame kama niko jukwaani. Nikae kwenye mkeka karibu na mtoto, niimbe ninavyoimba nyumbani nikiwa nimechoka. Kuchoka nilikuwa nimechoka kweli. Nikakaa, nikaegemea ukuta, nikaimba.

Kifungo kikaanguka. Kikabingirika. Nani ataniokotea. Sindano imelala, uzi umelala...

Mlango ukafunguka, akaingia binti yangu, koti begani.

"Umekula wewe?" nikamuuliza.

"Baadaye, mama," akajibu.

"...na wewe lala, nyenje wangu, lala," nikamalizia.

Wimbo ukaisha. Nyenje alikuwa ananitazama kwa utulivu, mdomo bado umefungwa kwenye sauti ya mwisho, hana habari na mtu. Ikanichukua muda kugundua kwamba hajalia.

Mwalimu aliinuka polepole. "Bibi, umesema nini pale katikati?"

"Sijasema kitu. Nimeimba."

"Kabla ya 'na wewe lala'. Umesema kitu."

"Aa, nimemuuliza huyu kama amekula. Maana huyu ukimwacha atakufa na njaa huku anafunga biskuti."

"Na nyumbani unamuuliza?"

Hapo nikafungua mdomo nijibu na nikaufunga. Kwa sababu nyumbani namuuliza kila siku. Ile saa wapangaji wengine wote wameshaingia ndani, na anayebamiza geti ni binti yangu, maana kitasa kimelegea, bila kulibamiza halifungi. Geti linalia, mtoto anaruka, mimi naanza wimbo. Mama yake anapanda ngazi, na ngazi ni zilezile na miguu ni ileile. Mimi nikifika kwenye uzi, yeye anafika kwenye mlango wa chumba. Namuuliza kama amekula, ananijibu baadaye, naendelea. Kila jioni, tangu nilipoutunga. Kwangu mimi hayo yalikuwa maneno ya kukatiza wimbo. Kwa Nyenje ndiyo wimbo wenyewe. Na mimi, kwa kujipamba mbele za watu, nilikuwa nimemletea wimbo uliotobolewa.

"Nilisimama hapo nje kwanza," binti yangu akasema, kama anayejitetea. "Nikasikia unaimba, nikangoja. Sijui kwa nini nimeingia pale. Mkono ulifungua wenyewe."

Mwalimu alishakaa kwenye kinanda. "Tusiseme chochote sasa," akatuambia. Akacheza wimbo taratibu, bila maneno, mpaka kwenye uzi. Hapo akaondoa vidole, akaviweka mapajani.

Nyenje aliinua uso. Nilimwona anangoja, nikauma ulimi nisimsaidie. Kisha akasema, kwa sauti yangu, kwa ukali wangu, mpaka na ule uchovu wangu wa jioni:

"Umekula wewe?"

Na baada ya kitambo kidogo, kwa sauti nyingine, nyororo, ya chini, ya mtu anayevua koti:

"Baadaye, mama."

Mwalimu akarudisha vidole, Nyenje akavuma mpaka mwisho.

Nililia kwa sauti, sioni haya kusema. Mjukuu wangu hakuwa amewahi kutamka neno. Nikamgeukia binti yangu nikidhani tutalia pamoja kwa furaha, nikamkuta amekaa chini kwenye sakafu, ameshika mdomo.

"Baadaye," akasema. "Mtoto wangu neno analolijua kwangu ni baadaye."

"Acha upuuzi wako."

"Ni kweli, mama. Ndilo ninalomwambia."

"Unaniambia mimi! Na yeye kakuwekea nafasi yako ndani ya wimbo, hataki uendelee bila wewe. Mwalimu, mwambie."

Mwalimu alikuna shingo. Hakutaka kusema zaidi ya anachojua, na kwa hilo pia nikampenda, ingawa wakati ule ningemfinya. "Siwezi kuingia kichwani mwake," akasema. "Watoto wengi wenye usonji wanashika sauti kama zilivyo, mpaka na mtu aliyezisema. Huenda ni mpangilio tu anaoutaka ukamilike. Huenda ni zaidi. Ila nimeona kitu kimoja. Ulipoingia hapa hajaziba masikio. Bibi aliniambia nyumbani anaziba. Mlango wa nyumbani unalia?"

Tukatazamana, mimi na binti yangu. Mlango wa chumba chetu unalia kama mbuzi.

Njiani kurudi Nyenje alikuwa katikati, anagusa kila nguzo ya taa. Karibu na nyumbani binti yangu akasema, "Mwalimu amesema huenda ni mpangilio tu. Yaani mimi kwake ni kama ile mota yako, mama. Sauti. Sauti unaweza kuirekodi ukaniachia niende."

Hilo ndilo lililonitisha.

Tulipofika nikachukua mafuta ya cherehani, nikapaka bawaba za mlango moja baada ya nyingine, nikaufungua na kuufunga mpaka ukanyamaza. Katikati ya kazi nikakumbuka ule mkanda wa mota, nikajiuliza kama nimefanya ujinga. Nyenje alikuja akausukuma mlango kwa kidole, akausikiliza, akaenda zake kwenye vifungo.

Jioni ile kwa mara ya kwanza binti yangu alikuwa nyumbani mapema. Tukakaa chumbani wote, mimi kitandani na Nyenje, yeye kwenye kiti karibu na kabati, begi la safari miguuni. Saa ya geti ikafika na geti halikulia. Nyenje akaanza kuhangaika. Anatazama mlango, anatazama kiti, anatazama mlango. Nikaanza wimbo, akanifunika mdomo kwa kiganja. Halafu akashuka kitandani, akaenda mpaka kwa mama yake, akamshika mkono.

Naomba mnielewe. Mtoto huyu hashiki mtu. Binti yangu akasimama, akaongozwa, uso umemng'aa hivi kwamba niliona jinsi alivyokuwa msichana. Nyenje akamvuta mpaka mlangoni, akafungua, akamsukuma nje kwa mikono miwili, akafunga.

Nikasikia huko koridoni, "Umeona, mama?" Sauti ilikuwa imevunjika kabisa. "Umeona mwenyewe."

Nilitaka kuinuka nikamlete, lakini Nyenje alikuwa ameshapanda kitandani, amekaa pembeni yangu. Hakugeukia ukutani. Aliutazama mlango, na akaanza kuvuma wimbo, peke yake, kuanzia kwenye kifungo. Nami nikaingia taratibu na maneno. Kikabingirika chini ya meza. Sindano imelala, uzi umelala.

Akanyamaza. Akanitazama.

"Umekula wewe?" nikasema.

Nje kimya. Nilijua yule analia na hawezi kujibu. Nikaona mtoto anaanza kukunja uso, nikaogopa kelele, nikafanya haraka nililodhani ni la busara. Nikajibu mwenyewe, kwa sauti nyororo, nikimwigiza: "Baadaye, mama."

Kiganja chake kikanipiga mdomoni. Hakikunigusa, kilinipiga. Akatikisa kichwa, akauelekeza uso wake mlangoni, akaanza upya kutoka mwanzo. Kifungo kikaanguka tena. Na maneno yalikuwa sahihi, sauti ilikuwa sahihi, mahali palikuwa palepale. Aliyekosekana alikuwa mtu.

"Unasikia huko nje?" nikapaza sauti juu ya wimbo. "Nimejibu mimi, kanipiga! Hataki yangu!"

Nyenje akafika kwenye uzi. Akanyamaza. Akakunja miguu, akaweka mikono mapajani, akautazama mlango. Hakukunja uso wala hakulia. Alikuwa anangoja, kwa subira ambayo mimi katika maisha yangu yote sijawahi kuwa nayo.

"Umekula wewe?" nikauliza.

Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka bila sauti, na binti yangu akasimama pale, macho mekundu, kamasi zinamtoka kama mtoto mdogo.

"Baadaye, mama," akasema.

Na Nyenje, mikono yake mapajani, masikio yake wazi, alimtazama usoni. Akavuma "na wewe lala" akimtazama, mpaka mwisho, mpaka kwenye ile sauti ya chini kabisa inayomtetemesha kifua.

Kisha mtoto akashuka tena kitandani, akaenda akamshika mama yake mkono, akamtoa nje, akafunga mlango. Huko koridoni nikasikia kicheko cha binti yangu, kimechanganyika na kilio, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla hajazaa. Ndani Nyenje alikuwa ameshapanda mahali pake, ameshaanza kifungo.

"Mama!" binti yangu akaita kupitia mlango. "Kesho namwambia meneja siendi!"

"Usiniambie mimi sasa," nikamjibu. "Unangojwa."